Senti Zinaokotwa, Nadharia Haiokotwi

Tangu nianze kusoma miswada ya wenzangu kijiweni kwetu nimegundua ugonjwa mmoja unaotusumbua karibu sote, na mgonjwa wa kwanza ni mimi mwenyewe. Tunaanza na jibu. Mtu anafungua daftari lake la kurasa mia mbili, hajaandika hata neno moja, tayari anajua mbaya ni nani, mwema ni nani, na funzo la hadithi ni lipi. Kazi inayobaki ni kuwaburuza wahusika kama mbuzi wa mnadani mpaka wafike pale anapopataka. Halafu tunashangaa wasomaji wanasinzia!

Wahakiki wetu nao hawako nyuma. Anakuja na nadharia iliyokwisha kushonwa, ya Umaksi au ya nini sijui, anaivika riwaya ya watu. Ikibana, hatengui mshono wa nguo. Anaikata riwaya mikono. Nasema hivi bila kumcheka mtu, maana hata mimi shuleni neno "nadharia" nililijua kama orodha ya kukariri. Unaandika jina la nadharia, unaandika hoja tano, unamaliza na hitimisho, unapata alama zako. Hakuna aliyenionyesha kwamba kila nadharia ile iliwahi kuwa swali lililomnyima mtu usingizi.

Hapa nataka nieleze jinsi nilivyoanza kujifunza kuijenga nadharia badala ya kuiazima. Nimejifunza kwa tatizo moja tu, tena la nyumbani: Kilwa ilianzaje? Nadharia, kwa maana ninayoitumia hapa, ni maelezo yanayofunga mambo mengi kwa kamba moja, na yanayokubali kupimwa. Maelezo yasiyokubali kupimwa ni porojo, hata yakivaa suti ya maneno magumu.

BWANA MSA NA WILLY GAMBA

Wengi wetu tulilelewa na vitabu vya upelelezi. Mimi nilianza na Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona cha mwaka 1974. Nilipenda mbio zake, nilipenda bastola yake, na sitamkana leo. Lakini baadaye nilikutana na Bwana Msa, mzee wa kiko wa Muhammed Said Abdulla, aliyetokea kwa mara ya kwanza kitabuni mwaka 1960 katika Mzimu wa Watu wa Kale. Mwanzoni alinichosha. Mbona hapigi mtu? Anakaa, anavuta kiko, anauliza mambo ya umbeya, anasikiliza. Rafiki yake Najum anadakia jibu mapema, Bwana Msa anamwacha.

Nilichelewa kuelewa kwamba mwandishi alikuwa ananifundisha kazi mbili tofauti. Willy Gamba anamfukuza adui ambaye kwa kawaida tumekwisha kumjua. Tunachongoja ni kuona kama atamkamata. Bwana Msa hamfukuzi mtu, anafukuza maelezo. Kila jambo dogo analolisikia linampasa kuingia ndani ya maelezo yake, na jambo moja likigoma kuingia, maelezo ndiyo yabadilike. Na huyu Abdulla hakutaka tumwabudu mpelelezi wake. Riwaya yake ya mwaka 1984 aliipa jina Kosa la Bwana Msa. Hebu fikiri, bwana: mwandishi anaweka kosa la shujaa wake pale juu ya jalada, kila mtu alione. Ushikilie mwaka huo wa 1984, nitaurudia.

SWALI LA BABU

Sasa nifike Kilwa. Nilikuwa na mswada wa riwaya ya kihistoria, nao nikauona dhahabu tupu. Sura ya kwanza ilianza na majahazi saba kutoka Shirazi, matanga meupe, alfajiri. Kisiwa kitupu, mikoko na ndege tu. Sultani anashuka, anapiga fimbo yake mchangani, na mji unaota kama uyoga baada ya mvua. Nikavuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani, nikaketi chini ya mbuyu, nikawasomea watu waliokuwa wakishona nyavu. Walinisikiliza kwa heshima. Nilipomaliza, mzee mmoja akaweka sindano yake chini.

"Mjukuu wangu, umesoma vizuri. Ila nikuulize. Huyo sultani wako, kisiwa si alikinunua kwa nguo?"

"Ndiyo, babu. Ndivyo vitabu vinavyosema."

"Basi alimlipa nani?"

Nikakohoa. Watu wakacheka, si kwa ubaya, lakini wakacheka. Sura yangu ya kwanza, kurasa kumi na nne, ilizama palepale bila hata kupigwa na wimbi. Kisiwa kitupu hakina muuzaji.

Msomaji anaweza kusema hilo ni kosa dogo, ongeza mtu mmoja wa kupokea nguo, endelea. Hapana. Kaa vibarazani Kivinje, Lindi au Mikindani, utasikia jinsi jambo hili lilivyo bichi: nani Mshirazi, nani wa bara, nani mwenyeji, nani wa kuja. Kwa miaka mingi, hasa wakati wa ukoloni, kulikuwa na waandishi waliotazama mawe ya Kilwa wakasema haya hayakujengwa na watu wa hapa. Ukisema kisiwa kilikuwa kitupu, unasema mji ni zawadi ya mgeni, na anayeishi hapo leo ni mpangaji nyumbani kwake. Nami nilikuwa nimeyasema hayo bila kujua, kwa sababu tu alfajiri na matanga meupe vinapendeza.

HATUA YA KWANZA: KULIJUA SWALI

Mwalimu mmoja wa hisabati, nilipomsimulia aibu yangu, alinipa kusoma kitabu cha George Pólya, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, kilichotoka mwaka 1945. Kinahusu namna ya kutatua mafumbo ya hisabati. Hatua zake ni nne: lielewe tatizo, panga mpango, utekeleze, kisha rudi nyuma utazame ulichofanya. Nikacheka. Hatua nne tu? Bibi yangu anazijua anapopika pilau! Lakini nilipojaribu kuzifuata kwa swali la babu, nikaona ugumu uko wapi. Uko katika kutoruka hata moja.

Kulielewa tatizo maana yake ni kuuliza: nimepewa nini, na ninatafutwa nini? Nilichopewa ni simulizi, na si moja. Ni tatu.

Ya kwanza ni ya Kireno. João de Barros aliichapisha mwaka 1552 katika historia yake ya Wareno huko mashariki. Wareno walikuwa wameiteka Kilwa mwaka 1505 na kuondoka mwaka 1512, na habari za wafalme wa Kilwa zikawafikia. Kwake, Ali ni mtoto wa sultani wa Shirazi, lakini mama yake ni mtumwa wa Kihabeshi, na ndugu zake wanamdharau. Anaondoka Hormuz na majahazi mawili.

Ya pili ni ya Kiarabu, Kitab al-Sulwa. Nakala iliyobaki ilinakiliwa Unguja mwaka 1877, Sultani Barghash akampa John Kirk, na sasa imehifadhiwa London. Hapa majahazi ni saba: baba na wana sita. Wanahama kwa sababu baba ameota panya mwenye mdomo wa chuma akitoboa kuta za mji, akajua mji utaanguka. Kisiwa kinanunuliwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Muuzaji anakwenda bara, akipanga kurudi maji yakipwa awashambulie, lakini sultani anakichimba kivuko na bahari inamzuia.

Ya tatu ni ya Kiswahili, iliyotoka katika kitabu cha Mjerumani Carl Velten mwaka 1907. Hii haianzi Shirazi. Inaanza palepale Kisiwani, na inataja watu waliotangulia, mpaka kwa mkuu mmoja aitwaye Mrimba, wa kabila la Wamachinga. Mshirazi anapofika anakwenda kwa Mrimba kuomba mahali pa kukaa, anampa zawadi, na anamwoa binti yake. Habari ya nguo na ya bahari inakuja baadaye.

Tazama basi. Kuna mambo simulizi zote tatu zinakubaliana: mgeni wa Kishirazi, mwenyeji, na nguo. Kuna mambo zinagombana: majahazi mawili au saba, dharau ya ndugu au ndoto ya panya, vita vya hila au ndoa. Mimi nilikuwa nimechukua kutoka kila moja kile kilichonipendeza, kama mtu anayechagua samaki sokoni, na kile kisichonipendeza, yaani mwenyeji, nikakirudisha baharini. Huo si utunzi. Ni uvivu uliopakwa mafuta.

Hapa mhakiki anapaswa kuwa mkali kidogo. Ushahidi wa watu watatu si mara tatu ya ushahidi wa mmoja, kama wamesikilizana kabla ya kwenda barazani kwa hakimu. Simulizi hizi zimelelewa pwani moja. Zinaweza kuwa zimeazimana. Kwa hiyo makubaliano yao hayatoshi. Na kila moja ina mwenyewe anayenufaika. Simulizi ya kitabu cha Kiarabu inalinda haki ya ukoo wa kifalme: kisiwa kililipiwa, tena kwa thamani kubwa. Simulizi ya Mrimba inalinda heshima ya wenyeji: mgeni alibisha hodi, akapewa mke. Kusema hivi si kuwaita waongo. Ni kuuliza lile swali la Bwana Msa: nani angependa iwe hivyo?

HATUA YA PILI: KUPANGA MAJARIBIO

Nikaandika katika daftari langu nadharia tete tatu, kila moja kwa mstari mmoja. Moja: mji ulianzishwa na wageni mahali patupu. Mbili: mji ulikuwepo, wageni wakaja kuutawala tu. Tatu: mji ulikuwepo, wageni wakaja, wakaoana na wenyeji, na ukubwa wa Kilwa ukazaliwa na mkutano huo.

Kazi ngumu ni inayofuata. Chini ya kila mstari nikajilazimisha kuandika: kama hili ni kweli, tutarajie kuona nini? Na zaidi: tukiona nini, nitalifuta? Wenzangu, hiki kifungu cha pili ndicho kinachotenganisha nadharia na ushabiki wa mpira. Shabiki wa timu yake hana matokeo yatakayomfanya aiache. Mjenzi wa nadharia anayaandika matokeo hayo mapema, kabla mechi haijaanza.

Kwa nadharia ya kwanza niliandika: chini kabisa ya ardhi ya Kilwa tutarajie kukuta mawe ya wageni juu ya mchanga mtupu. Tukikuta maisha ya watu chini ya mawe hayo, naifuta.

HATUA YA TATU: KUCHIMBA

Bahati yetu ni kwamba watu wamechimba. Neville Chittick, aliyekuwa msimamizi wa mambo ya kale wa Tanganyika tangu mwaka 1957 na baadaye mkurugenzi wa taasisi ya utafiti ya Waingereza katika Afrika Mashariki, alifukua Kilwa kwa miaka kadhaa, na mwaka 1974 akachapisha majuzuu mawili mazito. Udongo una tabia nzuri kuliko waandishi: wa zamani unakaa chini, wa karibuni unakaa juu. Kwenye matabaka ya chini alikuta makazi yaliyoanza karne nyingi kabla ya majumba makubwa ya mawe: nyumba za miti na udongo, vyungu vya kienyeji, mabaki ya kazi ya chuma, shanga za makombe, na vigae vichache tu vilivyotoka ng'ambo.

Nadharia ya kwanza imekwisha. Babu aliishinda kwa swali moja, na udongo umemuunga mkono. Kulikuwa na watu. Walivua, walifua chuma, walitengeneza shanga, walipika kwenye vyungu vyao. Aliyepokea nguo alikuwa na jirani.

Lakini wageni walifika lini? Hapo Chittick alitumia senti. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe, za shaba kwa wingi, na hadi miaka yetu hii mawimbi yamekuwa yakiziosha ufukweni na watu wakiziokota. (Ninyi washairi mtapenda kujua kwamba maneno ya upande mmoja wa sarafu yana vina na maneno ya upande wa pili. Sultani alilipa watu kwa ushairi!) Tatizo ni kwamba sarafu hizo hazina mwaka. Zina jina la mtawala tu, na jina moja linalotokea sana ni Ali bin al-Hasan.

Sasa fuata hatua za Chittick moja moja, maana ni za mtu hodari. Jina hili linafanana na la mwanzilishi wa ukoo wa Kishirazi. Sarafu zake zinaonekana katika matabaka ya mwishoni mwa karne ya 12. Kwa hiyo, alisema, ukoo huo ulianza wakati huo, karibu na mwaka 1200, na si karne ya 10 au kabla kama watu walivyohesabu kwa kufuata simulizi. Akaongeza kwamba watawala hao huenda hawakutoka moja kwa moja Uajemi, bali walitoka pwani ya Benadir, kule Somalia. Mwaka 1965 aliandika makala maalumu juu ya jambo hilo, na kwa muda mrefu neno lake likawa ndilo neno.

Naipenda kazi hii kwa sababu inaonyesha viungo vyake vyote. Unaweza kuweka kidole juu ya kila kiungo ukauliza: hiki kikikatika, je? Riwaya nyingi zetu hazikupi mahali pa kuweka kidole.

HATUA YA NNE: KURUDI NYUMA

Mwaka 1984 Chittick alifariki. Mwaka huo huo, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walikuta hazina iliyofukiwa: sarafu zaidi ya elfu mbili, nyingi za fedha na chache za dhahabu. Zile za dhahabu zilitoka ng'ambo, nazo zina mwaka. Ya mwisho kabisa ni ya mwaka 1066. Na miongoni mwa zile za fedha kulikuwa na jina lile lile: Ali bin al-Hasan.

Pima mwenyewe. Kama senti za Ali zilifukiwa pamoja na dhahabu ambayo haipiti miaka hiyo, Ali hawezi kuwa mtu wa mwaka 1200. Ni mtu wa karne ya 11. Kiungo kimoja cha mnyororo kimekatika: tabaka ambamo senti inaonekana si lazima liwe tabaka la miaka ya mtawala wake. Senti hutembea, hukaa mfukoni, huangushwa na wajukuu. Na simulizi za wazee, zilizokuwa zimedharauliwa kwa tarehe zao za mbali mno, zikapata nafuu.

Nilipolijua hili nilitaka kushangilia, kama timu yetu imefunga bao dakika ya mwisho. Kisha nikajizuia. Chittick hakushindwa na mzalendo wala na msemaji hodari. Alishindwa na sarafu, na aliweza kushindwa nayo kwa sababu alikuwa amejenga kitu kinachokubali kushindwa. Kosa lake ni mali yetu. Ndiyo maana naikumbuka ile riwaya ya mwaka 1984 yenye kosa juu ya jalada.

Halafu nadharia haidondoki yote kwa mpigo kama nazi. Matabaka aliyoyafukua bado yapo, na maisha ya kabla ya mawe bado yapo. Kilichoanguka ni tarehe. Na habari ya Uajemi? Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani, mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba akiwa mmoja wa watafiti. Songo Mnara, Kilwa na Lindi yetu zimo katika orodha ya mahali mifupa ilikotoka. Matokeo yake kwa ufupi: katika wengi wa watu hao, nusu au zaidi ya asili yao ilitoka kwa Waafrika, hasa kwa upande wa kina mama, na sehemu kubwa ya asili ya Asia ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi. Watu hao walianza kuchanganyika karibu na mwaka 1000.

Wanawake wa hapa, wanaume wa Kiajemi. Nilisoma mara mbili, nikaamka nikalitafuta daftari langu. Ni binti Mrimba!

Tulia, Bwana Msa angesema. Mifupa haikutaja jina la Mrimba, wala haikuthibitisha harusi yoyote. Makaburi mengi yaliyopimwa ni ya watu wenye nacho, hivyo hayawezi kuwasemea wavuvi na wakulima wote wa pwani. Kilichopimwa ni umbo la simulizi, si majina yake. Lakini umbo limesimama. Na simulizi yenye umbo hilo waziwazi ni ile ya Kiswahili, ambayo mimi niliisoma ya mwisho kwa sababu haikuwa na panya wa chuma wala mtoto wa mfalme aliyedharauliwa. Wazee wa Kilwa walihifadhi ndoa. Mimi mwandishi kijana nilitaka majahazi.

Katika daftari langu, nadharia ya tatu ndiyo iliyobaki imesimama. Chini yake nimeandika kwa penseli, si kwa kalamu.

RIWAYA SI MAABARA?

Rafiki yangu mmoja wa kijiweni, mshairi, alinipinga vikali. "Wewe unataka kutugeuza mafundi bomba," alisema. "Riwaya si maabara. Mtunzi ana uhuru wa kubuni."

Nakubali ana uhuru. Lakini tazama uhuru ule ulinipa nini: sura ambayo watu mia tano wangeweza kuiandika, na wameshaiandika. Nilipolibana swali, nilipata watu. Nilipata mwanamke anayetengeneza shanga za makombe, ambaye asubuhi moja anaambiwa na baba yake kwamba kuna mgeni anataka kukaa, na kwamba yeye ndiye mlango atakaopitia mgeni huyo. Anajua nini ambacho baba yake hajui? Kwa nini asikatae? Akikubali, anadai nini? Hapo nimebuni, tena sana. Hakuna kitabu kilichonipa jina lake. Lakini nimebuni ndani ya nafasi iliyoachwa na ushahidi, wala sikubuni juu ya migongo ya watu waliokuwepo.

Na kwa wahakiki wenzangu naomba hivi. Mtu akileta hadithi, usianze na "kazi hii inaakisi itikadi fulani". Anza na jambo moja ndani ya hadithi linalokukera au kukushangaza. Mbona mama huyu hasemi neno hata moja katika sura nne? Toa maelezo mawili au matatu yanayowezekana. Kwa kila moja, sema ni ukurasa gani ungelivunja. Nenda kwenye ukurasa huo. Ukirudi na maelezo yaliyobaki hai, hiyo ni nadharia yako, hata ikiwa ndogo kama punje ya mtama. Umaksi na mengine yatakuja baadaye kama wageni wenye heshima, wakibisha hodi, kama yule Mshirazi alivyobisha kwa Mrimba.

Kuna ubaya wa njia hii, sitauficha. Inachelewesha. Mswada wangu ulikuwa na sura tisa. Sasa una mbili na nusu. Wenzangu wamekwisha kuchapisha vijitabu vyao, mimi bado nahesabu majahazi. Pia inaweza kuwa kichaka cha woga: mtu anasema "bado natafiti" miaka kumi, kumbe anaogopa karatasi tupu. Dawa ninayoijua ni kuandika huku ukipima, na kukubali kufuta. Babu aliponiuliza swali lake, hakuniambia niache kuandika. Aliokota sindano yake, akaendelea na wavu, akaniambia, "Ukimpata huyo aliyelipwa, rudi utusomee."

ZOEZI LA KUJIPIMA

Namalizia na tatizo ambalo sijalitatua, mlijaribu. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331. Aliusifu mji kwa uzuri, lakini aliandika kwamba nyumba zake ni za mbao. Karibu na miaka hiyo hiyo, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alikuwa akijenga Husuni Kubwa, jumba la mawe juu ya genge, lenye vyumba zaidi ya mia, ambalo halikukamilishwa. Nawe ukivuka leo utaliona, na utauona Msikiti Mkuu na nguzo zake.

Mgeni mwenye macho makali anakosaje kuliona jumba kama lile? Kumbukumbu ilimponyoka? Hakupelekwa upande huo? Aliita mji zile nyumba za watu wa kawaida, ambazo kweli zilikuwa za miti? Andika nadharia tete zako, walau tatu. Chini ya kila moja andika utakachokubali kikuvunje. Ukimaliza, usikimbilie kwangu, maana sina jibu. Nenda Kisiwani, ukae chini ya mbuyu, useme shikamoo, uwasomee wanaoshona nyavu.